Tunutu Nene za Shangazi

Shangazi yangu aliamini kwamba samaki ana macho ya mnunuzi. Mpe kitu kinene, kinachong'aa, kilichofungwa kwa ustadi, atakipenda. Mpe kitu chembamba kisicho na umbo, atakipita. Imani hiyo ndiyo iliyompandisha cheo, na imani hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya amfukuze kazi mke wa kaka yake mbele ya chumba kizima cha wanawake. Mke huyo wa kaka yake ni mama yangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hataielewa aibu.

Chini ya mawe ya mto wetu wanaishi tunutu, wadudu wachanga ambao bado hawajaota mbawa. Trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoa ubavuni, huwala kutwa nzima. Wavuvi wanaovua kwa starehe hutaka ndoana iliyovikwa manyoya ikafanana na mdudu huyo, na kuna watu ambao riziki yao ni kuvika ndoana. Karakana anamofanya kazi Shangazi ni chumba kirefu kilichokuwa ghala la mbegu. Hadi leo ukigonga ukuta kwa kiwiko vumbi la magunia linaamka. Madirisha yako upande mmoja tu, kwa hiyo meza zote zimebanana huko kugombea mwanga, na kila fundi amefunga mezani jiliwa yake ndogo inayobana ndoana isicheze. Mbele yake kuna uzi mwembamba kama unywele, waya wa shaba, kopo la manyoya ya sungura, na manyoya ya mkia wa jogoo. Mtu akipiga chafya hapo haombewi afya. Analaaniwa, kwa sababu kazi ya wenzake yote inapaa.

Tunutu za Shangazi zilikuwa malkia wa chumba kile. Kichwani aliweka shanga ya shaba iliyong'arishwa, kifuani manyoya mengi aliyoyachokoa kwa sindano hadi yakasimama, tumboni pete za waya zilizopandana kama ngazi, na miguu, ambayo wengine hawakujisumbua kuiweka. Ukiiweka tunutu yake kiganjani unaogopa itatambaa. Mwenye karakana, ambaye wanawake walimwita Bosi akiwepo na Tumbo akiondoka, aliona wateja dukani wanazishika hizo kwanza. Akaamuru zote zifanane nazo, akampa Shangazi meza ya usimamizi karibu na mlango. Wenzake wakampa jina: Mama Kipimo.

Walikuwa na desturi moja. Tunutu iliyofungwa vibaya haitupwi, kwa kuwa ndoana yake bado nzima. Inanyolewa. Msimamizi anamrudishia fundi, fundi anarudi nayo mezani kwake, anainama, anakata uzi kwa wembe, na hakuna anayemtazama. Heshima yao yote ilikuwa hapo: kila mtu ananyoa kosa lake mwenyewe. Kunyolewa na mwingine ni kama kupanguswa kamasi hadharani na wewe ni mtu mzima.

Mama yangu alikuwa akifunga tunutu nyembamba. Uzi kidogo, unyoya mmoja, waya mara chache, basi. Shangazi alimrudishia, Mama akanyoa. Alimrudishia tena, Mama akanyoa huku akiimba. Sasa mnajua wifi na wifi. Utani wao haujulikani unapoishia na ugomvi unapoanzia.

"Wifi, hawa wadudu wako wametoka kwenye mfungo?" Shangazi aliuliza siku ile, akiwa ameshika trei ya Mama.

"Wanapunguza mwili, wifi. Si wote wanaopenda kufanana na wewe."

Chumba kilicheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama wangecheka kidogo, pengine Shangazi angecheka nao. Lakini walicheka kicheko cha watu waliosubiri muda mrefu. Aliivuta taa ya mezani, akachukua wembe wake mwenyewe, akaanza kunyoa kazi ya Mama moja baada ya nyingine, amesimama, mbele ya wote, huku akisema kwa sauti ya mwalimu: "Hii hata samaki kipofu hali. Hii hata samaki aliyekufa hali. Hii ni uvivu. Hii ni wizi wa mshahara." Alipofika mwisho wa trei hakuna aliyekuwa anacheka. Akamwambia Mama kiti chake kitakaliwa na mtu anayeheshimu kazi.

Mama alikunja aproni yake, akaiweka juu ya jiliwa, akatoka. Kuanzia siku hiyo nyumba mbili zikakatana. Baba, dada yake huku na mkewe huku, alijipatia kazi mpya ya kula kimya.

Nasema bila kupepesa macho kwamba kosa halikuwa la Shangazi peke yake. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa na geti, na geti lilikuwa la wageni wenye vibali. Wale wanawake walipika chakula cha samaki ambaye hawakuwahi kumwona akila. Walifunga wadudu miaka nenda rudi wakiwa wamegeuzia mto mgongo, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Mimi naliona ni jambo la ajabu na la dhuluma. Lakini dhuluma ya geti haikushika wembe. Wembe ulishikwa na mkono wa Shangazi, naye hajawahi kusema vingine.

Siku ikafika Bosi akataka picha. Alitaka maboksi mapya yenye sura ya fundi, trauti mikononi, tunutu nene mdomoni mwa samaki. Akampeleka Shangazi mtoni pamoja na mwongozaji wa wavuvi, mwanamume mpana aliyeitwa Bata kwa jinsi alivyotembea na mabuti yake ya mpira. Yaliyotokea huko nimeyasikia kwa Shangazi na nimeyasikia kwa Bata, na hayakupishana.

Shangazi alikuja amevaa gauni la manjano, lile la sherehe.

"Mama, tunaenda kuvua au kuolewa?" Bata alimwuliza.

"Napigwa picha."

"Samaki naye ana macho. Hilo gauni ameshaliona tangu uko nyumbani." Akamvika koti lake la rangi ya matope, lililonuka moshi na samaki, akamwambia ainame.

Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba kokoto za chini zilionekana kila moja na rangi yake. Walipanda kutoka upande wa chini, kwa sababu trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, na anayemjia kwa nyuma humjia pasipo macho yake. Walitambaa. Bosi, aliyebaki juu ya ukingo na simu yake, aliamriwa akae chini kama mtoto aliyeadhibiwa, maana kivuli cha mtu kikigusa maji siku imekwisha. Nyuma ya kichaka cha manyasi Bata alimwonyesha kidole.

"Yule pale. Pembeni ya jiwe jeupe."

Shangazi hakuona kitu. Aliona kivuli. Kisha kivuli kikapiga mkia. Aliniambia alishika mdomo, kama mtu aliyekutana njiani na mtu ambaye amekuwa akimsengenya maisha yake yote.

Trauti alikuwa akila. Alisogea shibiri kushoto, mdomo ukafunguka, weupe wa ndani ukaonekana mara moja kama kitufe, akarudi mahali pake. Hakufuata chochote. Alingoja mkondo umletee, akachagua. Bata alimweleza kwa kunong'ona: unatupa upande wa juu wa mkondo, mbali kidogo naye, ili tunutu izame ifike kimo chake kabla haijamfikia. Uzi usiivute. Mdudu wa kweli hana uzi, anabebwa tu na maji. Na usitazame uzi, mtazame samaki. Ukiona weupe wa mdomo, nyanyua ufito wa kuvulia taratibu.

Alifunga tunutu ya Shangazi kwenye nailoni iliyokuwa nyembamba kuliko uzi wao wa karakana, akatupa. Ikazama, shanga ikimeta njia nzima. Trauti aliiona. Akaiendea! Shangazi alishika mkono wa Bata. Samaki akarudi nyuma pamoja nayo, pua karibu iguse, akiikagua, mwendo ule ule wa maji. Kisha akageuza kichwa, akarudi kwenye jiwe lake.

"Hajaona vizuri," Shangazi alinong'ona.

"Ameona vizuri sana. Ndiyo shida."

Bata akatupa tena. Safari hii trauti hakungoja ifike. Alisogea pembeni, akaipisha, kama mtu anavyompisha mlevi kwenye ujia.

Ndipo Bata akafanya jambo alilolifanya bila kufikiri, kwa kuwa alikuwa amelizoea. Akaivuta tunutu, akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kuinyoa. Akakwangua manyoya ya kifua. Akakata miguu. Akaing'oa shanga ya shaba kwa meno, akaitema manyasini. Akazungusha waya kidogo ulipolegea ili uzito ubaki. Alipomaliza, kilichobaki kwenye ndoana kilikuwa kitu chembamba, cheusi cheusi, kisicho na umbo.

Shangazi alikijua kitu hicho. Alikuwa amevinyoa trei nzima.

"Mnafanya hivi mara nyingi?" aliuliza.

"Kila asubuhi, waongozaji wote. Nzuri zenu tunaziacha kwenye kofia, wageni wanapenda kuzitazama. Lakini maji yakiwa hivi, mdudu aliyeshiba hivyo samaki anamjua ni mwongo."

"Na hamkuniambia?"

Bata alikuwa akikagua fundo. Hakunuia kumwumiza, na ndiyo maana iliuma. "Nani akuambie, mama? Wifi yako mwenyewe ulimfukuza."

Akatupa. Kile chembamba kikazama kimya, hakimeti, kikaja na mkondo. Trauti akasogea kulia. Weupe.

"Sasa," Bata alisema, akanyanyua ufito.

Hapa ningependa kuandika kwamba Shangazi alisema ukweli pale pale. Hakusema. Bosi alishuka mbio na simu yake, akiwa na furaha, akaona tunutu iliyonyolewa kwenye taya la samaki, akasema, "Hiyo nini? Toa hiyo." Bata akaitoa. Bosi akachukua mfukoni tunutu nene mpya, akaichomeka mwenyewe mdomoni mwa samaki, akaielekeza ili shanga ipate jua. Akamvua Shangazi koti. Shangazi akabaki na gauni la manjano, akapewa trauti mikononi, akaambiwa acheke. Akacheka.

Picha ilitoka nzuri. Ilibandikwa kwenye kila boksi. Siku maboksi yalipofika karakanani wanawake walipiga makofi, kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa hatimaye mmoja wao amefika mtoni. Fundi mmoja waliyemwita Kicheko, kwa sababu hakuwahi kunyamaza, alipaza sauti: "Mama Kipimo, tuambie basi! Kweli aliila?"

"Aliila," Shangazi alijibu.

Neno moja. Aliniambia lilimkaa kooni kama mwiba, halipandi halishuki. Aibu ya kwanza, ya wembe, alikuwa nayo kwa kutojua. Hii aliitengeneza akiwa na macho mawili na akili timamu.

Baada ya hapo akawa msimamizi wa ajabu. Fundi akimletea nene, anaigeuzageuza kisha anaipitisha bila neno. Akiletewa nyembamba kwa bahati mbaya, anaitazama sana na kuipitisha pia. "Leo Mama Kipimo amepoteza kipimo," Kicheko alisema, na watu wakacheka. Shangazi akainuka akaenda nje, akarudi amenawa uso.

Mwisho akaja kwetu. Nilikuwa nyumbani, chuo kimefungwa, nimekaa jikoni namsaidia Mama kumenya viazi na kumhubiria kuhusu haki za wafanyakazi. Mama alikuwa akiniambia nimenye kwanza, nihubiri baadaye. Shangazi akasimama mlangoni. Hakupiga hodi, wala hakuingia.

"Ukiwa mlangoni hivyo inzi wanaingia," Mama alisema bila kugeuka. "Ingia au ondoka."

Shangazi akaingia, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alisimulia yote, mto, kisu cha Bata, ile shanga iliyotemwa manyasini, picha. Alisimulia akitazama maganda ya viazi. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba moyoni: kwamba fundi wa kweli ameonewa, kwamba Mama aliujua mto kuliko karakana nzima.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa sahihi, wifi," Shangazi alimaliza. "Ulijua samaki anataka nini."

Mama aliacha kisu. Kisha akaanza kucheka, na akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko.

"Mimi? Nijue samaki? Wifi, usinivike taji lisilo langu. Nilikuwa mvivu! Nilikuwa naharakisha nimalize trei nirudi kupika. Ningeweza kufunga uzi mtupu ningefunga uzi mtupu."

Hotuba yangu ikafa hapo hapo. Shangazi naye alimkodolea macho, na nikaona anatafuta nafuu katika maneno yale, ule upenyo mdogo wa kusema: basi, hata mimi sikukosea sana. Mama aliuona upenyo huo kabla yake, akauziba.

"Nilikuwa mvivu," alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mvivu anarudishiwa kazi yake anyoe mwenyewe. Hanyolewi mbele za watu."

"Ndiyo maana nimekuja, wifi. Nisamehe. Rudi nikupe kiti chako, kesho hiyo hiyo."

"Unaniomba radhi hapa?"

"Hapa, ndiyo."

Mama alitazama kuta nne za jiko letu, akatazama sufuria, akanitazama mimi na kiazi changu. "Hapa jikoni nani alicheka? Nani aliniona? Wifi, aibu uliyonipa mbele ya meza zote zile huwezi kuja kuifuta kwenye maganda ya viazi. Nitarudi, naitaka kazi. Lakini ukaseme kule kule, nikiwepo. Ya mtoni yote uyaseme. Uwaambie na waliofunga nene kwa kukuogopa."

"Bosi ataninyang'anya meza."

"Huenda."

"Na watu watanionaje?"

"Watakuona kama walivyoniona mimi," Mama alisema, akachukua kiazi kingine. "Haiui. Nimejaribu."

Asubuhi waliyokubaliana, Shangazi alifika mapema akakaa kwenye meza yake bila kuvua kandambili alizotoka nazo nyumbani. Alikuwa amesahau viatu. Mama alikuja wakati wote wameshaketi, akasimama mlangoni. Nami nilisimama nyuma yake, kwa kuwa alikubali nibebe begi lake mradi nifunge mdomo. Bosi alikuwepo, akihesabu maboksi ukutani. Shangazi aliinuka. Mafundi wakaacha uzi mmoja mmoja.

"Nina neno," alisema. Akasema. Midomo yake ilitembea, na mimi niliyekuwa hatua chache kutoka kwake nilisikia "wifi yangu" na "mtoni", basi.

"Hatusikii huku nyuma!" Kicheko alipaza sauti. Sidhani kama alikuwa na ubaya. Kweli hawakusikia.

Shangazi alifumba macho, akayafumbua, akaanza upya kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo siku ya wembe. Alisema samaki alizikataa zake mara mbili mbele ya macho yake. Alisema kila mwongozaji hununua tunutu za karakana hii na kuzinyoa kwa kisu zikawa kama zile alizozikata. Alisema alimnyoa mtu mzima mbele ya wenzake kwa sababu walimcheka, si kwa sababu ya kazi. "Kazi ilikuwa kisingizio," alisema. Alimgeukia Mama, akamwomba radhi kwa jina la heshima, mke wa kaka yangu, mbele yao wote. Jasho lilikuwa limelowesha ukosi wake.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyecheka pia. Fundi wa dirisha la mwisho aliinamisha kichwa kama watu wanavyofanya mwenzao anaponyoa.

Bosi alikohoa. "Sawa, mama. Umesema vizuri. Lakini samaki hanunui. Mtu ndiye ananunua. Nene zinaendelea. Turudi kazini."

Shangazi akaanza kukaa. Nusu ya mwili ilikuwa imeshafika kwenye kiti.

"Wifi," Mama alisema kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, "umesahau picha."

Niliona Shangazi anamtazama kama mtu anayemwomba mwenzake amwachie hata nguo ya ndani. Mama hakuondoa macho. Bosi aligeuka haraka, boksi mkononi, na kwenye boksi lile Shangazi alikuwa akicheka ndani ya gauni la manjano.

"Mama, inatosha," Bosi alisema. Hakuwa akimwambia mama yangu.

"Bado, Bosi," Shangazi alijibu.

Akasimama tena. Akawaambia ni tunutu gani iliyomkamata yule samaki na ni ipi iliyochomekwa baadaye, na mkono wa nani. Akawaambia kwamba walipomwuliza kama aliila, alijibu aliila, naye alijua. Alisema bila kuremba, na kila sentensi ilimpunguza, hadi alipomaliza alikuwa amesimama amekunja mikono tumboni kama msichana wa shule. Bosi aliweka boksi chini, akatoka nje bila kumtazama mtu. Sote tulijua meza ya mlangoni imekwenda.

Mama alipita katikati ya meza hadi kwenye kiti chake cha zamani. Aliyekuwa amekikalia alihama bila kuambiwa. Mama akavaa aproni, akabana ndoana kwenye jiliwa, akashika uzi. Shangazi alikuwa amemfuata bila kujua aende wapi, akasimama kati yake na dirisha, mikono bado tumboni.

"Haya sogea, wifi," Mama alisema. "Unanizibia mwanga. Vuta kiti ukae."